Mjomba au Ami? Neno Lililofumbua Siri ya Kifo cha Mwarmenia

Mtu wa huku kwetu akikuambia kwamba mjomba wake amefariki, huna haja ya kumuuliza kama marehemu alikuwa ndugu wa mama au wa baba. Neno lenyewe limekwisha kukujibu. Angekuwa ndugu wa baba angeitwa ami, au baba mdogo, au baba mkubwa, kulingana na pahali anapotoka msemaji. Ni kweli kwamba vijana wetu wa mjini siku hizi huwatia wote katika kapu moja wakawaita "anko", hata kondakta wa matatu naye ni anko, lakini wazee bado wanajua nani ni nani. Nimeanza na jambo hili kwa sababu kisa ninachotaka kuwasimulia leo, ambacho ni kisa cha mauaji, kilifumbuliwa na tofauti hiyo ndogo. Nacho hakikutokea kwetu. Kilitokea Marekani, katika ukoo wa Waarmenia.

Wakati huo nilikuwa nikisoma Boston, katika jimbo la Massachusetts, nami nilipanga chumba Watertown, mji mdogo ulio ubavuni mwa Boston. Watertown ni mji wa Waarmenia. Zamani walifuata kazi katika kiwanda cha viatu vya mpira cha Hood. Kiwanda hicho kilikwisha kufungwa, lakini wao walibaki, na katika barabara ya Mount Auburn utaona maduka yao ya mikate, na mjini kuna jumba lao la makumbusho. Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa Kiarmenia, mwalimu mstaafu. Yeye alikaa chini, mimi juu kabisa orofa ya tatu. Jumapili moja alinialika chakula, nami nilipoona kilichopakuliwa nikamwambia kwamba hata kwetu chakula hiki tunakiita pilau. Alicheka hadi akashika mbavu. Tangu siku hiyo akawa akiniita "hokis", maana yake "roho yangu", nami nikawa nikimwita Mama. Baada ya kula tulikunywa kahawa nzito katika vikombe vidogo, kama vile vya wauza kahawa wa Mombasa, naye akanionyesha kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kutafuta nasaba za watu. Chumba kizima alikijaza makaratasi.

Kwa Mwarmenia kutafuta nasaba si mchezo wa kupitisha wakati. Kabla ya Vita Kuu vya Kwanza wengi wao waliishi vijijini mashariki ya nchi ambayo leo ni Uturuki, chini ya dola ya Uthmania. Mwaka 1915 serikali ya dola hiyo iliamuru wafukuzwe makwao. Wanaume waliuawa karibu na vijiji vyao. Wanawake, wazee na watoto wakatembezwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria, na wengi wakafia njiani. Makadirio ya wanahistoria wengi ni kati ya watu 600,000 na 1,500,000. Katika jimbo la Kharpert, alikotoka babake Mama, kulikuwa na balozi mdogo wa Marekani aitwaye Leslie Davis, naye katika taarifa zake kwa serikali yake aliliita jimbo hilo machinjio. Vitabu vya kanisa vilivyoandikwa ubatizo na ndoa viliteketea pamoja na makanisa yenyewe. Basi mjukuu akitaka kujua ametoka wapi, hana budi kuokota chembe kwenye ghala za watu wengine.

Chembe nyingine ni za ajabu. Kati ya mwaka 1896 na 1908 Mwarmenia aliyetaka kwenda Marekani kwa ruhusa alilazimishwa kukana uraia wake na kuahidi kwamba harudi tena; kisha alipigwa picha pamoja na jamaa zake, nayo picha ikawekwa serikalini ili akijaribu kurudi atambuliwe na kuzuiwa. Leo picha hizo ndizo wajukuu wanazozitafuta wapate kuona sura za babu zao. Na mwezi wa Februari 2018, serikali ya Uturuki ilipowafungulia raia wake daftari za nasaba katika intaneti, watu walijazana hata mitambo ikazimika, na baadhi yao wakagundua kwamba nyanya zao walikuwa Waarmenia waliobadilishwa jina na dini.

Halafu kuna ugumu wa majina. Majina mengi ya Kiarmenia huishia na -ian, maana yake "wa jamaa ya". Boghos ni Paulo, kwa hiyo watoto wake ni akina Boghosian. Terzi ni mshoni wa nguo, na jamaa yake ni akina Terzian. Kijijini mtu huyohuyo aliweza kuitwa kwa jina la babake leo, na kesho kwa kazi ya babu yake, na wote wakamjua. Marekani watu husema eti makarani wa Ellis Island, kile kisiwa cha New York walikopokewa wageni, ndio waliowabadilisha watu majina. Mama aliuchukia sana uvumi huo. Orodha za abiria, alisema, ziliandikwa kule meli ilikotoka; makarani wa Marekani walisoma tu na kuhakikisha. Aliyebadilisha jina mara nyingi alikuwa mwenyewe, kwa sababu zake. Yashike maneno hayo, msomaji, maana tutayarudia.

MGENI WA WAKATI WA BARIDI

Mwishoni mwa mwaka 2017, theluji ikiwa mlangoni, alikuja bibi mmoja wa umri wa miaka 80. Jina lake sitalitaja, na hata majina ya jamaa zake nitakayoyatumia si yao. Alikuwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa na barua kutoka Fresno, California, na ya pili karatasi kumi na mbili zilizopigwa taipu.

Kisa chake kilikuwa hivi. Babu yake, baba wa baba yake, alitoka Kharpert mwaka 1909 akamwacha mke na watoto wawili kijijini, akaenda Worcester, mji wa viwanda katika jimbo lilelile la Massachusetts. Huko Waarmenia walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha nyaya tangu miaka ya 1880, na ndiko walikojenga kanisa lao la kwanza katika Marekani mwaka 1891. Mwezi wa Februari 1913 aliuawa. Na aliyemuua, kwa habari iliyorithiwa nyumbani kwao, ni ndugu yake mwenyewe, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, ambaye alitoroka akaenda California kwenye mashamba ya zabibu, asiandike tena barua. Kwa zaidi ya miaka mia nyumba hizo mbili hazikuhudhuriana katika harusi wala matanga.

Sasa wajukuu wa bibi huyo walimpa zawadi ya Krismasi, kile kichupa cha kutemea mate ili mtu ajue damu yake imetoka wapi. Akatema. Baada ya miezi kadhaa akaarifiwa kwamba kuna mzee wa Fresno ambaye damu yao ni moja. Mzee huyo akamwandikia barua ya adabu akimwomba wajuane. Bibi alikaa na barua hiyo miezi saba.

"Nitamjibu nini mjukuu wa mtu aliyemuua babu yangu?" alimwuliza Mama.

Msomaji huenda amesikia kwamba polisi wa siku hizi nao wanatumia mate na nasaba. Mwaka 2018, huko California, walimkamata polisi wa zamani aitwaye Joseph DeAngelo kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980, na aliyewaelekeza ni mtafiti wa nasaba, Barbara Rae-Venter, aliyepitia matawi ya jamaa zake wa mbali. Lakini katika kisa hiki mate yalithibitisha undugu tu. Hayawezi kusema nani alimsukuma nani.

Kabla ya kuendelea ni lazima nitaje kosa moja lililompotezea Mama majuma kadhaa. Mdogo wake yule bibi alikuwa na maelezo yake. Alidai kwamba nyumba hizo mbili zilitengana kwa sababu ya kanisa. Jambo hilo halikuwa la upuuzi. Tarehe 24 Desemba 1933, mkesha wa Krismasi, Askofu Mkuu Ghevont Tourian alichomwa kisu katika kanisa la Waarmenia mjini New York, akiwa katika maandamano ya ibada mbele ya waumini. Ulikuwa ugomvi wa siasa baina ya waliokubali kanisa lao kuwa chini ya Armenia ya Kisovieti na chama kilichoipinga, na miezi michache kabla yake walikuwa wamegombana hadharani mjini Chicago juu ya bendera. Watu tisa walihukumiwa. Wawili kati yao walipewa hukumu ya kifo, iliyogeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Tangu hapo kanisa lao Marekani limegawanyika mafungu mawili, na wapo ndugu walioacha kusalimiana kwa ajili hiyo. Kwa mtafiti, maana yake ni kwamba vitabu vya ubatizo vya ukoo mmoja vinaweza kuwa mahali pawili. Mama alivitafuta kotekote. Mwishowe akaona kwamba kimya cha ukoo huu kilianza miaka 20 kabla ya kisu cha New York.

MTU ALIYEKWENDA KWA MAREHEMU

Basi akaanza upya, na safari hii alianza na mshtakiwa, yaani yule mdogo wa marehemu.

Massachusetts wameandika vifo tangu mwaka 1841, kwa hiyo kifo cha babu kilipatikana upesi. Kilikuwa cha mwezi wa Februari 1913, sababu ni kuvunjika fuvu la kichwa, mwenye kufa ni kibarua wa kiwanda cha nyaya, mzaliwa wa Uturuki. Kisha Mama akatafuta orodha za meli. Mwaka 1911 meli za kampuni ya Fabre zilikuwa zimeanza kutoka Marseille, Ufaransa, mpaka Providence, bandari iliyo karibu na Worcester kuliko New York. Na wakati ule vijana wa Kiarmenia walikuwa wakiondoka kwa wingi, kwa sababu dola ya Uthmania ilikuwa katika vita vya Balkani na kuanzia 1909 Wakristo nao walichukuliwa jeshini.

Nilikuwapo alipoipata. Aliniita kutoka chini kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kwenye ukurasa wa orodha ya abiria wa Providence, mwezi wa Machi 1913, lilikuwapo jina la yule mdogo, umri wake, kijiji chake. Kila abiria aliulizwa anakwenda kwa nani. Karani alikuwa ameandika kwamba anakwenda kwa kaka yake, na jina la kaka, na nambari ya nyumba, na mtaa, Worcester.

Mama alihesabu kwa vidole. Kaka huyo alikuwa amezikwa siku 26 zilizopita.

Kijana alikuwa baharini, au labda bado Marseille akingojea meli, siku kaka yake alipokufa. Alishuka melini, akapimwa macho kama walivyopimwa wote, maana aliyekutwa na trakoma alirudishwa, akaulizwa unakwenda kwa nani, akamtaja marehemu. Sidhani kuna mtu duniani aliyekuwa na ushahidi bora zaidi wa kutokuwapo mahali pa kosa.

Lakini furaha yetu haikudumu. Mama alifika mpaka kwenye vitabu vya mahakama ya Worcester, akakuta kwamba kesi ilikuwapo na mtu alihukumiwa. Jina lake lilikuwa Boghosian, na kosa ni kuua bila kukusudia. Gazeti moja la Kiingereza la wakati huo liliandika mistari michache tu: Waarmenia wawili waligombana kwa ajili ya fedha katika nyumba ya kupanga, mmoja akaanguka kwenye ngazi. Majina yalikuwa yameharibiwa kiasi cha kutotambulika. Katika ukoo wa yule bibi hapakuwa na Boghosian hata mmoja. Kwa hiyo karatasi zilisema kwamba muuaji ni mtu baki, na habari ya nyumbani ikasema ni ndugu. Na habari ya nyumbani haikuwa ya kupuuzwa, kwa sababu ilitoka kwa mjane mwenyewe.

Zile karatasi kumi na mbili ndizo zilikuwa maneno yake. Mwaka 1976, mjane huyo akiwa na miaka 88, kitukuu wake aliyekuwa chuoni alimrekodi kwenye kaseti. Mtindo huo ulikuwa umeenea miaka ya 1970, watu walipoona kwamba waliokoka 1915 wanakwisha. Kikongwe alisema kwa Kiarmenia, maana Kiingereza hakukijua sawasawa, na mwanawe, yaani baba wa yule bibi, akatafsiri yote kwa Kiingereza na kupiga taipu. Katika ukurasa wa tisa imeandikwa wazi kwamba aliyemsukuma baba yenu ni "anko" wenu.

Jioni ile tulikuwa tukinywa kahawa, Mama amechoka, karatasi ziko mezani. Mimi si mtafiti wa kitu chochote. Niliuliza swali ambalo mtoto yeyote wa kwetu angeliuliza.

"Mama, huyu ni mjomba au ami?"

Akanitazama. Nikamweleza kwamba kwetu ni watu wawili, na kwamba Kiingereza ndicho kinachowafanya mmoja. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Hokis," alisema, "na kwetu ni wawili. Ndugu wa baba ni hopar, ndugu wa mama ni keri. Mimi Mwarmenia mzima nimesoma karatasi hizi mara kumi, na swali hili limekuja kuulizwa na mtoto wa Kenya!"

Halafu akaenda kupiga simu kuuliza kama ile kaseti bado ipo.

SAUTI YA KIKONGWE

Ilikuwapo, ndani ya kopo la biskuti. Mashine ya kuichezea ilitulazimu kuinunua kwenye duka la vitu vikuukuu. Tulisikiliza watu watatu, Mama, yule bibi na mimi, ingawa mimi sikujua lugha. Nilisikia saa ya ukutani, vyombo vikioshwa mahali, na sauti nyembamba iliyosimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Mama alisema ni Kiarmenia cha kijijini kilichochanganyika na Kituruki. Tulipofika mahali penyewe alirudisha nyuma, akasikiliza, akarudisha tena. Mara ya tatu hata mimi niliyasikia maneno mawili. "Tser kerin."

Mjomba wenu. Kikongwe alikuwa akisema mbele ya wanawe, na mjomba wa wanawe ni nani ila ndugu yake yeye mwenyewe?

Yule bibi hakusema kitu. Aliinuka akaenda kusimama dirishani.

Mambo mengine yote yalikuja kwa haraka, kama fundo linapopata ncha. Cheti cha kifo cha yule kikongwe kilitaja jina la baba yake: Boghos. Mwanamume wa Kiarmenia ambaye baba yake ni Boghos angeweza kuitwa Boghosian mahali popote, na ndivyo alivyoandikwa kaka wa kikongwe katika sensa ya Aprili 1910, ndani ya nyumba ya kupanga yenye wanaume 14, wote vibarua wa nyaya, wote wa Kharpert. Mstari wa juu yake ni shemeji yake, yule marehemu. Walilala chumba kimoja, pengine kwa zamu kitanda kimoja. Alipotoka gerezani, baada ya muda usiofika miaka minne, aliliacha jina la baba akachukua jina la kazi ya babu, Terzian. Hakuna karani aliyembadilisha.

Na ugomvi? Kaseti ilieleza. Katika nyumba zile mmoja alikuwa kama benki ya wenzake. Babu alikuwa akimwekea shemeji akiba ya nauli ya kumleta mke na watoto. Shemeji akamkopesha mtu mwingine. Siku ya kuidai ngazi za nje zilikuwa na barafu. Kikongwe alisema, na Mama alinitafsiria polepole, kwamba kaka yake alikuwa na hasira lakini hakuwa muuaji.

Mama alipata karatasi nyingine tatu za mtu huyo, nazo kwangu mimi zinashinda kesi nzima. Ya kwanza ni kadi yake ya kuandikishwa jeshini, tarehe 12 Septemba 1918, siku walipotakiwa wanaume wengi wa miaka 18 hadi 45. Alipoulizwa jamaa yake wa karibu alimtaja dada yake, Uturuki, pasipo anwani. Wakati huo hakuna aliyejua nani yu hai kule. Ya pili ni tangazo katika gazeti moja la Kiarmenia la mwaka 1919, kwenye safu ndefu za watu waliokuwa wakitafuta jamaa zao baada ya vita. Anamtafuta dada yake, mke wa fulani, na watoto wawili. Ajuaye habari zao aandike. Ya tatu ni orodha ya abiria ya mwaka 1920. Mjane na watoto wawili, wanatoka katika kambi za wakimbizi Syria. Nauli imelipwa na nani? Na kaka. Wanakwenda kwa nani? Kwa kaka.

Mtu aliyemuua mume ndiye aliyemtafuta mke, akamleta, akawalea watoto. Mwanamke alishuka melini akaenda kukaa nyumbani kwake, kwa sababu duniani hakuwa na nyumba nyingine. Kama alijua siku ile au aliambiwa baadaye, kaseti haisemi.

Yule mdogo wa marehemu alijua mapema. Huko Worcester alielezwa yote na wapangaji. Hakukubali kuketi chumba kimoja na shemeji wa kaka yake, akaenda Fresno, na hakuandika kwa sababu barua yoyote ingefika nyumba ile. Wajukuu wakaona kimya, wakasoma neno "anko", wakamvisha yeye. Yule mjomba hasa hawakumwita anko kamwe. Walimwita Dede, yaani babu, naye ndiye aliyewanunulia viatu vya kuendea shule.

Lililomtatiza yule bibi zaidi lilikuwa baba yake. Baba alijua Kiarmenia vizuri. Alisikia keri, akapiga taipu neno la Kiingereza lisilochagua upande, halafu akanyamaza mpaka alipokufa mwaka 1991. "Hakudanganya," Mama alimwambia. Bibi akajibu kwamba angependa zaidi kama angedanganya. Mimi nilimwonea huruma yule baba. Alikuwa mtoto wa miaka 12 alipofikishwa kwenye nyumba hiyo, na mkate alioula ulikuwa wa mtu yule.

Barua ya Fresno ilijibiwa juma lililofuata, kurasa nne kwa mkono.

Mzee wa Fresno alikuja mwezi wa Mei 2018. Alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mikono ya mkulima, naye alileta katoni ya zabibu kavu za shamba lao. Kule kwao habari hawakuisahau hata siku moja; walichokuwa hawajui ni kwamba huku walihesabiwa wauaji. Tulikwenda Worcester pamoja. Kaburi la babu lilikuwa halina jiwe kwa miaka 105, nao walikuwa wamechanga wakaweka jipya, lenye herufi za Kiarmenia. Padri alisoma. Mimi nilishika mwavuli.

Wakati wa kurudi tulipita kwenye makaburi wanapolala kikongwe na kaka yake, bega kwa bega. Yule bibi alikuwa na mafungu mawili ya maua ndani ya gari, kama alivyofanya kila mwaka. Mzee wa Fresno aliyaona. Alichukua fungu moja, akaenda akaliweka kwa kikongwe, akavua kofia, akarudi kuketi garini. La pili bibi alilichukua mwenyewe, akaliweka pale alipokuwa akiliweka sikuzote.

Njiani hatukusema neno mpaka tulipokaribia Watertown. Ndipo yule mzee akauliza kama katika kaseti ile babu yake anatajwa popote. Mama akamjibu kwamba anatajwa mara moja. Kikongwe anasema kwamba shemeji yake mdogo alipokuwa akiondoka kijijini kwenda Marekani, alimpa kifurushi cha forsadi zilizokaushwa ampelekee mumewe, na kwamba hakujua ziliishia wapi.

Mzee aliomba asikilizishwe hapo tu.